Fundo la Sita

Kabla sijamwona, nilisikia cherehani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya zahanati, Newala, shavu nimelifunga kwa khanga ya mama, na kutoka nyuma ya mlango wa kijani ikaja sauti ninayoijua tangu utotoni: kanyagio likipanda na kushuka, gurudumu likishika kasi, mkanda ukilia, kisha kimya, kisha tena. Nikajisemea kwamba serikali imeajiri mshonaji, pengine anashona mashuka ya wagonjwa. Mara mtu akapiga yowe humo ndani, na sauti ya kiume, tulivu kabisa, ikamuuliza, "Nimekugusa au umeogopa? Sema kweli, maana dawa zake ni mbili tofauti."

Ilikuwa kekee ya kutobolea meno, ile ya kukanyagwa kwa mguu, kwa sababu umeme wa kutegemewa hatukuwa nao. Na aliyekuwa akiikanyaga ni yule ambaye watu wote wa Newala walimwita Bwana Meno. Hakuwa daktari, na ukimwita daktari alikurekebisha papo hapo: "Msaidizi. Daktari yuko Mtwara, akipatikana." Jina lake halisi nililiona mara moja kwenye karatasi, nikalisahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Mnyambe, na jino langu moja la mbele lilikuwa limekufa. Miezi kadhaa nyuma nilianguka na baiskeli kwenye mteremko karibu na Chiungutwa. Jino halikuvunjika, lilitikisika tu, nikamshukuru Mungu na kulisahau. Polepole likawa na rangi ya moshi, kisha kwenye ufizi juu yake kikaota kipele kilichotoa usaha kila asubuhi. Mama, ambaye meno yake ya mbele yalichongwa ncha kwa patasi alipokuwa msichana, na hayakuwahi kumsumbua hata siku moja, alikuwa na jibu moja tu. "Jino bovu linang'olewa, Asteria. Unalifuga la nini? Litakutagia mayai?"

Lakini nilikuwa nimechaguliwa kusoma ngonjera yangu mwenyewe huko Masasi, siku ya sherehe za Azimio, na sikuweza kujiona nimesimama jukwaani na pengo. Nilitaka jino langu. Niseme hivyo wazi, bila kulipamba, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo.

Bwana Meno aliligonga jino kwa mpini wa kioo chake kidogo, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

"Kilichokufa ni kile cha ndani, Mwalimu. Kuta bado nzima. Nikiusafisha mzizi mpaka mwisho, nikauziba vizuri, utalitafunia mpaka uwe bibi. Nikisafisha nusu, utarudi hapa umevimba mpaka jicho."

"Na utasafisha nusu au utamaliza?"

"Inategemea vyuma," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Wengine walimtaja Mungu, wengine chama, yeye alitaja vyuma. Alikuwa na tupa ndogo za kusafishia mizizi, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, zimesokotwa kama uzi wa katani, na mpini wa kila moja ulifungwa uzi wa pamba. Kila alipotumia tupa kwa jino moja, alipiga fundo moja kwenye uzi wake. Uzi ukifikisha mafundo matano, tupa iliingia kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa lilifukiwa nyuma ya choo. Tupa yenyewe ungeiona bado inang'aa.

"Nzima kabisa hii," nilimwambia siku moja.

"Wewe unaiona nzima kwa sababu haijakatika. Chuma kinachoka kimyakimya. Siku kitakapokuambia kwamba kimechoka, kiko ndani ya mdomo wa mtu."

Mfuniko wa mpira wa chupa ya penisilini aliukata vipande vidogo mviringo, akakichomeka kila kimoja kwenye tupa kuwa alama ya kina, na urefu wa kila mzizi aliuandika kwa penseli kwenye kadi ya mgonjwa. Akipita urefu huo, anamchoma mtu kwenye nyama. Akipungua, anaacha uozo. Glavu kuukuu za chumba cha upasuaji alizikata mraba, akatoboa tundu, akalivisha jino ili mate yasiingie. Watoto wa mjini walisema Bwana Meno anayavalisha meno koti la mvua. Mate, kwake, yalikuwa mabaya kuliko buibui ndani ya shuka.

Kuchemsha vyuma hakukumtosha. Alikuwa na sufuria nzito ya mvuke, yenye mfuniko wa kufungwa kwa komeo nne, na ilikunywa maji kama ng'ombe. Anayeijua Newala anajua maana yake. Maji yalikuwa bondeni na sisi tulikuwa juu. Wanawake waliondoka na ndoo alfajiri na kurudi jua limeshaiva. Nesi wa zamu, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, hakuwahi kulinyamazia jambo hilo.

"Sisi hatuna ya kunywa, yeye anawapikia vyuma! Bwana Meno, hizo tupa zako zinakula na mboga gani leo?"

"Zinakula usaha wa jana, Nesi. Ndiyo maana nazipika."

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuoga kwa zaidi ya makopo mawili. Jumamosi ulimkuta akipanda kutoka bondeni na madebe mawili kwenye baiskeli, akiisukuma, jasho likimchuruzika. Wanawake walimcheka kwamba anafanya kazi ya kike. Yeye aliwaamkia kwa adabu na kuomba njia.

Miaka ile ya vijiji, watu walipohamishiwa pamoja, foleni yake iliongezeka mpaka ikakaribia barabara. Afisa mmoja akaja kukagua, akalifungua daftari na kusimama katikati ya chumba.

"Kwa siku mtu anaweza kung'oa meno arobaini, bwana. Jana umetibu watatu!"

"Walio na meno ya kung'oa nilishawang'oa asubuhi, mheshimiwa. Hao watatu walikuwa na kitu cha kuokoa, na vyuma vilikuwapo. Visingekuwapo, ningewang'oa na wao."

"Wananchi wanasubiri."

"Wanaosubiri leo wengi ni wale waliotibiwa haraka mwaka jana."

Afisa aliondoka amekasirika. Haukupita mwezi akarudi, kitambaa kimezunguka kidevu mpaka utosini, na hakusimama katikati ya chumba. "Mheshimiwa," Bwana Meno alimuuliza, sauti yake ileile, "nikung'oe sasa hivi uwahi ofisini, au ukae kwenye foleni?" Afisa alikaa kwenye foleni, kati ya mkulima wa mihogo na mimi, na watu wakawa wema kiasi cha kutomwangalia usoni.

Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilituletea wagonjwa na, siku moja, vikatuletea sanduku. Wapigania uhuru walikuwa na marafiki nchi za mbali, na marafiki hao walikuwa wametuma vifaa vya meno. Muuguzi wao, kijana Mmakonde wa upande wa pili, alilileta kwa lori huku akitabasamu, kwa kuwa kikosi chao kilikuwa na watu wenye maumivu na yeye hakuwa na ujuzi wa kuvitumia. Bwana Meno alivimwaga vyote juu ya shuka safi. Alikaa navyo mchana kutwa. Alikagua kila tupa mbele ya dirisha, akaipitisha kwenye pamba ili aone kama inanasa nyuzi, na ikinasa aliitupa. Mwisho, zaidi ya nusu ya sanduku ilikuwa ndani ya kopo.

Yule muuguzi alikaribia kulia. "Comrade, vimevuka bahari hivi! Watu wamechanga!"

"Waandikie kwamba tunashukuru," Bwana Meno akamjibu. "Kisha waandikie kwamba mpiganaji wako akivunjikiwa na chuma chenye kutu ndani ya jino, hatajua kama ni zawadi."

 Kijana akaketi mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua mdomo, akasema, "Basi anza na mimi kwa vile vizuri." Walikuwa marafiki tangu siku ile mpaka bendera yao ilipopandishwa na akarudi kwao.

Usifikiri Bwana Meno alikuwa mtu mnyoofu kama rula. Alitukataza sukari, na mwenyewe chai yake ilisimamisha kijiko. Sukari ilipoadimika dukani, alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amejificha chini ya kofia. Alikuwa na pengo la mbele ambalo hakuwahi kuliziba, na ukimuuliza alisema, "Nilitibiwa na mtu kama mimi, ila mwenye haraka." Aliogopa sindano. Nilimwona kwa macho yangu, wakati wa chanjo, akizunguka nyuma ya jengo mpaka Nesi alipomfuata na kumshika mkono kama mtoto. Alipenda umbea wa mji kupita kiasi, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kujibu akiwa ameachama, aliusimulia wote peke yake, maswali na majibu.

Na mikutano aliichukia, lakini aliweza kutembea saa tatu kwenda kumsikiliza mtu mmoja. Nilikwenda naye safari moja, kwa sababu huyo mtu aliishi nje kidogo ya Mnyambe na mimi niliifahamu njia. Alikuwa mzee aliyewahi kuchonga meno ya vijana wa kizazi cha mama yangu, enzi za jando na unyago wa zamani. Tulimkuta anamenya mihogo, wala hakuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye anayeng'oa watu kule bomani? Mimi niliyapamba, yeye anayatoa."

"Nimekuja kuuliza jambo, mzee. Jino lina uhai katikati. Wewe ulikuwa unachonga kwa patasi na nyundo. Nimetazama midomo mingi hapa, na kazi yako naijua nikiiona, kwa sababu hujaufikia ule uhai. Wengine waliufikia, na meno yao yanaoza kuanzia ndani. Ulijuaje pa kuishia?"

Mzee alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Patasi mpya kila msimu," alisema. "Butu inakulazimisha kupiga kwa nguvu, na ukipiga kwa nguvu hujui tena uko wapi. Wale wengine walikuwa bahili wa patasi." Kisha akamtazama kuanzia kifuani mpaka miguuni. "Umetembea toka Newala kuja kuuliza hilo? Huko shuleni walikufundisha nini?"

Bwana Meno alicheka njia nzima ya kurudi. "Patasi mpya kila msimu," alirudia kila tulipopumzika. "Mwalimu, umesikia? Patasi mpya."

Sasa nirudi kwenye jino langu, ambalo nimelikwepa kwa makusudi.

Ilikuwa masika. Mara ya kwanza aliponisafisha, mdomo wangu wa juu ulivimba siku mbili, akanieleza kwamba hutokea na akaweka dawa. Mara ya pili mambo yakatulia. Mara ya tatu ilikuwa Jumatano, na sherehe zilikuwa Jumamosi. Barabara ya Lindi ilikuwa imekatika kwa mvua, na lori lililobeba vifaa kutoka Dar es Salaam lilikuwa limekwama kwenye matope siku ya sita. Alichukua tupa aliyoihitaji, akaniinulia mbele ya macho ili niuone uzi wake.

"Mafundo matano, Mwalimu. Nyingine ya unene huu sina. Nitaweka dawa, nitaziba kwa muda, tumalize lori likifika."

"Likivimba tena jukwaani?"

"Linaweza. Linaweza pia lisivimbe."

Nikamwomba. Sikulia, ingekuwa heri ningelia. Nilimwomba kwa ufasaha, kama mtu aliyeandika ngonjera. Nilimwambia kwamba yeye ni hodari, kwamba tupa inang'aa, kwamba mara moja tu haiwezi kudhuru, kwamba wilaya nzima itanitazama mdomoni. Alinitazama, akaitazama tupa, akalitazama dirisha. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani pia kwamba alinipenda kidogo, kama mtu anavyompenda mwanafunzi wake mwenye kelele.

"Mara moja," akasema.

Mimi sikusikia chochote. Yeye alisikia kwa vidole. Alisimama, akaitoa tupa, akaiweka juu ya kadi penye mstari wa penseli, akaipima mara mbili. Kisha akanivua lile koti la mvua ili niweze kusema.

"Imekatika. Kipande kimebaki ndani, karibu na ncha ya mzizi. Kama nusu ya punje ya mchele."

"Kitoe."

"Kwa vyuma nilivyonavyo sitaweza. Nikichokonoa nitautoboa mzizi, na hapo jino limekwisha."

 "Nimekulazimisha mimi," nikasema.

"Mwalimu, ungekuwa na uwezo wa kunilazimisha ungekuwa mkuu wa wilaya." Hakutabasamu. "Wewe uliomba. Mimi ndiye niliyejua."

Angeweza kuninyamazia. Ningeondoka nikimshukuru, na hakuna mtu Newala ambaye angejua. Badala yake aliliandika kwenye kadi yangu, akanisomea alichoandika, na kwenye ule uzi akapiga fundo la sita. Uzi huo akautundika kwenye msumari juu ya dirisha, mahali ambapo kila mgonjwa angeuona akilazwa kichwa nyuma, na kila aliyeuliza alijibiwa: "Hilo ni jino la mwalimu mmoja. Nilibeba haraka ya mtu mwingine."

Nilisoma ngonjera yangu. Halikuvimba. Watu walipiga makofi, nami nikawa natafuta ulimi wangu ulipo, kwa sababu ulikuwa umeganda nyuma ya jino hilo kama mlinzi.

Lori lilipofika, alisafisha kwa tupa mpya mpaka pale kipande kilipomruhusu, akaosha mara nyingi kwa maji ya klorini, akaziba. Kisha akanituma hospitali ya Ndanda kupiga picha ya eksirei. Kwenye ile filamu ndogo palikuwa na kivuli cheusi mviringo kwenye ncha ya mzizi, kikubwa kama dengu, na ndani ya mzizi kijiti cheupe.

"Kivuli hicho ni mfupa ulioliwa," alinieleza. "Ukipiga picha kila mwaka tutajua. Kikikua, nimeshindwa, na jino litatoka. Kikipungua, mfupa umerudi."

Mwaka wa kwanza kilikuwa vilevile. Mwaka wa pili aliitazama filamu kwa muda mrefu, akasema "Labda," na nilijua kwamba neno hilo halipendi. Kisha nikaenda Dar es Salaam kusoma, nikaingia kwenye makundi ya vijana wanaosomeana hadithi mpaka chai inapoa, nikaanza kuandika riwaya, na miaka miwili ikapita bila picha. Nilipocheka niliufunika mdomo kwa mkono. Marafiki walidhani ni adabu ya kusini.

Nilirudi likizo nikipitia Ndanda. Nilipiga picha, nikapewa bahasha, na bahasha hiyo nikaiweka juu ya kabati la mama bila kuifungua. Ilikaa huko siku tatu. Ningeweza kuisoma mwenyewe; alikuwa amenifundisha. Sikuthubutu.

Siku ya nne asubuhi, mama akiwa anakanda unga wa mandazi, mtu akabisha hodi.

"Karibu, Bwana Meno," mama akasema. "Leo hapa hatuna mgonjwa."

"Shikamoo, Mama Asteria."

"Marahaba. Keti."

"Siketi, mama. Nimehamishiwa Tabora, lori linaondoka saa tano. Nimesikia Mwalimu amepita Ndanda."

Nikaleta bahasha. Alikuwa amenyoa, amevaa suti ya rangi ya udongo ambayo sikuwahi kuiona, na mfuko wa kifua ulikuwa na filamu zangu tatu za zamani, ndani ya karatasi. Alizitoa. Akasimama mlangoni penye mwanga, akaziinua zote nne kwa vidole, moja kando ya nyingine.

"Usinizibie, Mwalimu. Sogea."

Nikasogea. Mama aliacha kukanda. Nilimtazama shingo, kwa sababu sikuweza kumtazama uso.

"Hakipo," akasema.

"Nini hakipo?" mama akauliza.

"Kivuli. Mfupa umerudi wote, Mama Asteria. Njoo uone." Akamwonyesha kwa ukucha, na mama, ambaye hakuwahi kuamini mambo yetu, akainama na mikono yake ya unga ikiwa hewani, akatazama kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"Na hiki cheupe?"

"Hicho ni chuma changu. Kipo. Atazikwa nacho."

"Eti fundi!"

"Ndiyo maana nakwambia, mama." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, nasikia siku hizi unaandika vitabu. Ukiandika habari hii, usiseme kwamba ni ustadi. Wengi wanaoachiwa chuma mzizini hurudi wamevimba. Wewe ulibahatika. Andika hivyo hivyo."

Nimeandika hivyo hivyo.

Aliomba ile filamu ya nne, nikampa, akaziweka zote mfukoni na kuufunga kifungo. Nilitaka kumwambia neno zuri, mimi ninayeishi kwa maneno, nikaishia kucheka tu, mdomo wazi, bila mkono. Alinitazama jino moja kwa moja, bila aibu, kama fundi anavyotazama ukuta alioujenga. Kisha honi ya lori ikalia upande wa sokoni. Mama akamfungia korosho za kukaanga kwenye gazeti, akamsindikiza hatua mbili, akarudi, akausukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa na unga, nao ukajifunga.